Ngumi Kiooni

Vonda alikuwa hajamaliza hata saa moja tangu ashuke garini, na tayari maji ya tangi yalikuwa yamekwisha.

Marlys aliisikia pampu ikikoroma chini ya sakafu, ule mkoromo mkavu wa pampu inayovuta hewa, akaliacha sufuria la maharage jikoni na kwenda kugonga mlango wa bafu. Kambi ile ya matrela kwenye milima ya Black Hills ilikuwa na umeme peke yake. Maji ulijaza mwenyewe langoni wakati wa kuingia, na yakiisha unang'oa trela zima unarudi nalo langoni. Ndiyo maana watu wanaoishi kwenye matrela hujilowesha, wakafunga bomba, wakajipaka sabuni, kisha wakafungua tena na kujisuuza upesi. Boone, mwanawe wa miaka minane, alikuwa akioga hivyo tangu hajajua kufunga kamba za viatu. Vonda, dada mkubwa wa Marlys, mwanamke mzima na makamu wa mkuu wa shule, alikuwa amesimama chini ya bomba kama mtu anayengoja basi.

"Vonda, funga maji."

"Bado nina povu kichwani."

"Basi baki nalo."

"Mdogo wangu, nimeendesha gari kutwa nzima."

"Na mimi nilikuambia kabla hujavua viatu. Hayo yalikuwa maji ya kutufikisha Jumapili."

Sauti ya Vonda ikapenya mlangoni. "Lakini mnaishije hivi?"

Wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone bila shaka walikuwa na kisima uani. Marlys alirudi jikoni akayakoroga maharage kwa nguvu hadi yakamrukia mkononi. Swali hilo la mnaishije hivi alikuwa akiulizwa kwa simu kila Krismasi kwa miaka saba, na sasa lilikuwa limemfuata hadi ndani, limelowa, linaomba taulo.

Waliishi hivyo kwa sababu Delmar, mumewe, alikuwa fundi wa mitambo ya upepo, ile minara yenye mapanga marefu inayosimamishwa nyikani kuanzia Texas hadi mpakani na Kanada, na mitambo haimfuati fundi nyumbani. Zamani walikuwa na nyumba Iowa, mtaa mmoja na Vonda. Delmar alikuwa akija wikendi moja kwa mwezi na mfuko wa nguo chafu. Siku moja Tamsin, binti yao, aliyekuwa ndiyo kwanza ameanza shule, aliambiwa na mwalimu achore familia yake mezani. Akamchora mama, akamchora Boone akiwa mchanga, na kwenye kiti cha tatu akachora simu. Baba ndiye huyo, alisema, akashangaa watu wazima walivyonyamaza.

Marlys aliiuza nyumba kabla mwaka haujaisha. Aliapa kwamba mezani pake hatakosekana mtu tena. Walinunua trela refu na pikapu yenye nguvu ya kulivuta, akaigeuza meza ya kulia kuwa darasa, na tangu hapo walikula pamoja kila jioni, watu wanne, viti vinne, popote walipokuwa. Hicho ndicho alichokuwa nacho duniani. Hakuwa na kingine cha kujivunia wala hakukitafuta.

Jioni ile ya kwanza walikula nje chini ya turubai. Wageni walikuwa wamepewa chumba cha Tamsin kule nyuma ya trela, naye Tamsin akahamishiwa kwenye kochi bila kulalamika. Rusty, mumewe Vonda, alikuwa mtu mnene mwenye roho nzuri na ushauri usioombwa. Alikuwa amebeba mfuko mzima wa mahindi mabichi kutoka kwao kwa sababu, alisema, mahindi ya huku ni ya ng'ombe. Kwa kuwa alikuwa amevuta mashua yake ya kuvulia samaki kwa miaka ishirini, hapakuwa na jambo la trela asilolijua. Alimweleza Delmar namna bora ya kuzuia magurudumu.

"Sawa, mwanyumba," Delmar akasema, akaendelea kuguguna hindi lake.

Vonda alianza mtihani kabla sahani hazijaondolewa. "Boone, saba mara nane?"

"Hamsini na sita. Mama Mkubwa, umeona beji zangu?" Boone alisimama akajitikisa. Kila hifadhi humpa mtoto kijitabu cha maswali. Akikimaliza, hunyanyua mkono wa kulia, huapa mbele ya askari wa hifadhi kwamba ataitunza nchi, na hupewa beji. Fulana yake ya mikono mifupi ilikuwa imejaa beji hadi inalia akitembea.

"Beji si cheti, mwanangu."

"Cheti hakivaliki," Boone akajibu.

Delmar alicheka. Marlys hakucheka, maana alimwona Vonda akimgeukia Tamsin bila kumuuliza swali lolote. Alimtazama tu, na Tamsin, msichana wa miaka kumi na tatu asiyeona haya mbele ya mtu, akatazama sahani yake. Marlys aliliona hilo na likamkera, lakini hakujua kwa nini.

Baada ya kula Tamsin alichukua tarumbeta lake akaenda kujifungia ndani ya pikapu. Majirani walikuwa karibu na kambi ina masharti ya kelele, kwa hiyo alifanya mazoezi yake humo, madirisha yamepandishwa, akiupigia usukani. Kwa nje ilisikika kama nyuki aliyenaswa kwenye chupa.

"Anafanya nini mle?" Rusty akauliza.

"Mazoezi," Marlys akasema.

"Peke yake?"

"Sasa afanye na nani?"

Vonda alikunja kitambaa chake cha mezani mara mbili, akakiweka.

Kesho yake Delmar aliitwa kazini mbali, mtambo ulikuwa umegoma, kwa hiyo wengine wakaenda hifadhi ya Badlands kutembea kwa gari la Vonda. Safari ilianza vibaya. Alfajiri Marlys alikuwa amepiga magoti chooni akitoa kwa fimbo vile vitambaa laini vya majimaji vya kujifutia, ambavyo haviyeyuki na ambavyo aliwaomba wageni wasivitupe humo. Vonda alisema paketi imeandikwa vinatupika. Marlys alisema paketi haitakuja kuzibua.

Ndani ya hifadhi walimkuta nyati dume amesimama katikati ya barabara, mkubwa kama kibanda, manyoya ya kifuani yananing'inia. Rusty akazima injini, akafungua mlango, akashuka na simu yake.

"Shemeji, rudi garini," Marlys akasema.

"Ametulia huyu. Tazama macho yake."

"Usitazame macho, Baba Mkubwa," Tamsin akasema kutoka kiti cha nyuma, sauti yake tulivu. "Tazama mkia. Umeanza kupanda. Rudi polepole, sasa hivi."

Rusty aliutazama mkia. Ulikuwa umesimama wima kama mpini wa sufuria. Alirudi, lakini si polepole, na alipoufunga mlango alikuwa amekalia miwani yake. Nyati alikoroma, akapiga vumbi kwa kwato, akaondoka zake. Boone alicheka hadi beji zikalia.

Walisimama kwenye ukingo wa bonde la miamba, ambako Marlys alikuwa amepanga somo la siku. Tamsin ndiye aliyefundisha. Aliwaonyesha mistari ya miamba mmoja baada ya mwingine: huu mweusi wa chini kabisa ni tope la bahari, huu mwekundu ulikuwa udongo wa msitu, na hapa katikati ndipo mifupa ya vifaru wa zamani inapookotwa. Marlys alisimama kando akisikiliza, na kwa mara ya kwanza tangu wageni wafike kifua chake kikalegea. Akasema moyoni, haya, Vonda, weka mtihani sasa.

"Anajua," Vonda akasema. "Sikatai. Umemfundisha vizuri kuliko nilivyodhani. Ndiyo maana namtaka."

"Unamtaka wapi?"

"Kwangu. Chumba kipo, kimekaa bure tangu mwanangu aende jeshini. Shule inafunguliwa mwezi ujao. Bendi ya shule ina watoto themanini, Marlys. Themanini. Sikutaka kulisema kwa simu."

Watalii wengine walikuwa pale ukingoni wakipiga picha. Marlys hakujali. "Umeyamaliza maji yangu," akasema. "Umeziba choo changu. Sasa unataka na mtoto wangu. Nani alikuomba, Vonda? Niambie, nani katika nyumba yangu alikuomba kitu?"

Vonda, ambaye tangu utoto wao hakuwahi kukosa neno, aliangalia viatu vyake.

"Mimi," Tamsin akasema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyemwomba, Mama. Tulipokuwa Kansas. Kwa simu ya Baba."

Upepo ulikuwa ukivuma kutoka bondeni na Marlys alijaribu kuamini kwamba hakusikia vizuri. Alikuwa amesikia. "Na mimi mama yako nilikuwa wapi?"

"Wewe nilikuambia kwanza. Mara nyingi. Ulisema tutaona." Tamsin hakupandisha sauti. "Kila kitu unasema tutaona, halafu tunahama."

Ingekuwa heri angelia. Ingekuwa heri angepiga mguu chini kama watoto wengine, ili Marlys apate pa kumkaripia. Lakini alisimama pale wima, amelitamka jambo lake lote, na Marlys akamchukia. Tuseme ukweli, alimchukia mwanawe wa kumzaa, kwa muda wa kutoka pale ukingoni hadi kufika garini, na garini akaendelea. Aliuza nyumba kwa ajili ya mtoto huyu. Aliacha bustani, majirani, na kabati lenye vyombo vya mama yao, kwa ajili ya kiti cha tatu cha mtoto huyu, na malipo yake ndiyo haya: simu ya siri, nyuma ya mgongo wake, kwa huyu huyu mwenye povu kichwani. Chakula cha jioni alikipakua bila kumwangalia mtu.

Waliosema hasira hasara walisema kweli, ila hawakueleza kwamba hasara yenyewe mtu huiona inakuja na bado akaifuata.

Jumamosi ilibidi wahame. Kambi ilikuwa imewapa kiwanja chao hadi siku hiyo tu, na kingine kilichokuwa wazi kilikuwa ndani kwenye misonobari, chembamba, chenye kona mbaya. Delmar alikuwa bado kazini. Hilo halikuwa tatizo. Marlys ndiye dereva bora wa nyumba ile kwa kurudi nyuma, na Tamsin ndiye mwongozaji tangu ana miaka tisa. Dereva wa trela refu hana macho ya nyuma. Ana vioo viwili vya pembeni na mtu anayemwamini, basi. Kwa hiyo Delmar aliweka sheria tatu, na zilishikwa kuliko amri za kanisani. Mwongozaji ni mmoja. Ukimpoteza kiooni, simama. Ngumi ikinyanyuliwa, simama kwanza, uulize baadaye.

Tamsin alikuwa ameshavaa glavu zake za kazi na anakizunguka kiwanja kipya, shingo ameikunja anatazama juu.

"Leo ataongoza Baba Mkubwa wako," Marlys akamwambia kupitia dirisha la pikapu.

"Yeye hajui."

"Amevuta mashua miaka ishirini."

"Mashua haina paa, Mama."

"Nimesema ataongoza yeye. Wewe si unataka kuondoka? Tujizoeze."

Rusty alifurahi mno. Alisimama nyuma upande wa kushoto, akapandisha suruali, akaanza kupunga mikono yote miwili. Vonda na Boone walikuwa wamekaa kwenye viti pembeni na mifuko yao. Tamsin hakuondoka. Alikwenda kusimama nyuma upande wa kulia, mahali ambapo mwongozaji anatakiwa kusimama, kwa sababu huko ndiko kona ilikokuwa.

Marlys alianza kurudi nyuma. Kioo cha kushoto kilikuwa kimejaa Rusty: njoo, njoo, njoo, macho yake ardhini kwenye magurudumu kama mtu aliyedondosha funguo. Trela liliingia vizuri. Likaanza kukunja kona. Njoo, njoo. Marlys akatupa jicho kioo cha kulia.

Tamsin alikuwa amenyanyua ngumi.

Mkono ulikuwa umenyooka juu kabisa, umetulia. Na hakuwa akilitazama trela wala mti. Alikuwa akikitazama kioo, yaani alikuwa akimtazama mama yake, na macho yao yalikutana mle kiooni wazi kabisa. Marlys alikuwa na nafasi ya kutosha. Mguu wake ulikuwa tayari juu ya breki. Ndipo hasira ikamwambia: hata hili sasa unataka kuniamulia. Akauondoa mguu.

Sauti ilikuwa kama ya mtu anayefungua kopo kubwa. Kisiki cha tawi la msonobari, kinene kama mkono, kiliingia kwenye pembe ya paa na kulichana hadi juu ya dirisha la chumba cha nyuma. Rusty bado alikuwa anapunga.

Marlys alizima injini akashuka, na alipofika nyuma alikuwa anapiga kelele. Alianza na Rusty, ulikuwa unatazama wapi, una macho ya nini. Rusty, masikini, alikuwa amefungua mdomo tu. Kisha akamgeukia Tamsin, ambaye alikuwa ameushusha mkono.

"Kwa nini hukupiga kelele?"

"Hatupigi kelele. Injini inafunika. Tunanyanyua mkono."

"Sikukuona."

Tamsin alimtazama. Lilikuwa jicho la muda mrefu kidogo, si la chuki, ni la mtu anayehakikisha alichosikia.

"Sawa," akasema, akaenda kutafuta ngazi.

Mchana mvua ya mawe ilishuka, kama inavyoshuka huko kila Julai, bila hodi. Rusty alionyesha utu wake: alipanda juu akalala kifudifudi kwenye paa akishikilia turubai huku mawe yakimpiga mgongoni, na Tamsin akawa anampa kamba. Ndani maji yalipenya vilevile. Yalidondoka kwenye godoro la Tamsin, kwenye vitabu vyake, kwenye sanduku la Vonda lililokuwa wazi. Marlys na Vonda walipanga masufuria sakafuni bila kusemeshana.

"Angalau maji sasa yapo," Vonda akasema hatimaye.

Siku nyingine wangecheka. Marlys alichukua sufuria lililojaa akalimwaga nje kwa nguvu hadi likamponyoka.

Delmar alirudi jioni, grisi hadi viwikoni. Walikuwa wamekaa mezani ndani, wote watano wamebanana, kuna supu na mahindi yaliyobaki ya Iowa. Alikwenda nyuma akatazama paa, akarudi akanawa mikono taratibu kuliko kawaida.

"Nani alikuwa mwongozaji?"

"Mimi, mwanyumba," Rusty akasema. "Kosa ni langu. Sikutazama juu."

"Na Tamsin alikuwa wapi?"

"Kulia," Tamsin akasema. "Nilinyanyua ngumi."

"Mama yako hakuiona?"

Marlys alikuwa ameshika kijiko, na kijiko kilikuwa kimesimama.

"Hakuiona," Tamsin akasema.

Delmar aliketi. Alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hurudia sheria zake. "Basi ulisimama vibaya, binti yangu. Nimekufundisha. Mwongozaji asiyeonekana si mwongozaji. Miaka yote hii, Tamsin. Ukisimama mahali ambapo—"

"Ndiyo, Baba."

"Niliiona," Marlys akasema.

Delmar akageuka.

"Alisimama palepale panapotakiwa. Niliiona ngumi yake na nilimwona yeye, na alijua nimemwona. Nikaendelea." Sauti yake ilikuwa bado kali, alikuwa na hasira hata alipokuwa anasema ukweli, pengine zaidi. "Nilikuwa nimemkasirikia. Sikutaka kusimama kwa sababu yeye ndiye aliyeniambia nisimame. Ndiyo hivyo. Nimelichana paa la mwanangu kwa makusudi, kuleni supu."

Hakuna aliyekula. Boone alishika beji moja kifuani ili isilie.

"Marlys, mpenzi wangu," Vonda akaanza kwa upole.

"Wewe nyamaza. Sijamaliza kukasirika na wewe." Akamgeukia Tamsin. "Kwa nini umenifunika?"

"Ulisema hukuniona." Tamsin aliinua bega. "Niliona unahitaji iwe hivyo."

Mtoto wa miaka kumi na tatu alikuwa amelibeba kosa lake mbele ya baba yake, mbele ya wageni, na kusema ndiyo Baba. Nani alimfundisha hilo? Hakika halikuwa kwenye ratiba ya masomo.

"Hiyo bendi," akasema. "Unaitaka kweli, au ni mimi tu umenichoka?"

"Naitaka kweli. Nataka kupiga na watu. Nataka kusikia pande zangu zote mbili kuna mtu." Tamsin alitazama meza, watu sita na sahani zilizopandana. "Na huku sitapotea, Mama. Nitapiga simu kila jioni mkikaa kula. Mtaiweka hapa kwenye kiti changu."

Alilisema hilo kwa wema. Hakuikumbuka ile picha. Watoto hawakumbuki walichochora. Delmar aliikumbuka, Marlys alimwona akikumbuka, na wote wawili wakatazama kwingine. Hasira ilimpanda Marlys upya, ikamjaa hadi kooni, na safari hii haikuwa na mtu wa kumwangukia. Si Vonda, si Rusty, si mtoto. Alikaa nayo.

"Utaenda," akasema. "Na usinishukuru. Bado nimekasirika."

Jumapili asubuhi wageni walipakia. Vitu vya Tamsin vilikuwa vichache, mfuko mmoja na tarumbeta. Watu wa matrela hawana vingi. Alimkumbatia baba yake, akamkumbatia Boone aliyekuwa amenuna, akamkumbatia mama yake ambaye alikuwa mgumu kama ubao kisha akawa si mgumu tena. Vonda alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Gari lake lilikuwa limebanwa mbele ya trela, na kutoka lazima lirudi nyuma kupitia kona ileile ya misonobari.

Tamsin hakuingia. Alivaa glavu zake, akazunguka, akaenda kusimama nyuma.

Vonda hakumwona. Alikuwa anatazama kioo kidogo chenye picha kilicho katikati ya dashibodi, kinachoonyesha nyuma kwa mistari ya rangi. Marlys alipiga dirisha lake kwa kiganja hadi Rusty akaruka kwenye kiti.

"Mtazame yeye."

"Gari hili linajionea lenyewe, mdogo wangu. Lina kamera."

"Sikuulizi gari lina nini. Kuna mtu amesimama kule nyuma anakuongoza. Mtazame yeye." Marlys aliingiza kichwa dirishani. "Akinyanyua ngumi, unasimama. Huulizi kwanza. Husemi wewe ni mkubwa, husemi wewe ni mwalimu, husemi tutaona. Unasimama. Hata kama siku hiyo humpendi."

"Nimesikia, Marlys."

"Hujasikia. Sema."

"Nyanyua na mkono wa kulia," Boone akasema kutoka nyuma ya mama yake. "Bila mkono haihesabiki."

Vonda alimtazama mdogo wake, macho yale mekundu, nywele zile ambazo hazikuwa zimechanwa. Aliutoa mkono wa kulia kwenye usukani, akaunyanyua. "Akinyanyua ngumi, nasimama," akasema.

Kisha akakigeuza kioo cha pembeni hadi akampata Tamsin, akaanza kurudi nyuma. Tamsin alipunga mkono mmoja polepole, njoo, njoo, akirudi hatua kwa hatua, akitazama magurudumu, akitazama juu. Walipofika katikati ya kona, akanyanyua ngumi.

Taa za breki zikawaka palepale. Gari likasimama, na Vonda akakaa kimya ndani yake, mikono kwenye usukani, anangoja.

Marlys alitazama nyuma ya gari, akatazama matawi, akatazama ardhi. Hapakuwa na kitu chochote. Njia ilikuwa nyeupe hadi barabarani.

Tamsin alikuwa anajaribu breki. Alipoona zinashika alishusha mkono, akavua glavu zake, akaingia garini.